Rangi Kabla ya Mstari: Uchambuzi wa Kisa cha Fimbo Ngumu kwenye Ndege Inayojengwa Kunduchi

Mhandisi mstaafu wa meli anayeishi Kunduchi, Dar es Salaam, ambaye hapa nitamwita Mzee, anajijengea ndege ya viti viwili kwenye gereji ya nyumba yake. Ni ndege ya bati la aluminiamu, mbawa ziko chini, imekuja kwa vipande kutoka Marekani, na mwenyewe ndiye anayetoboa, anayepiga ribiti na anayefunga boliti. Mwili ulikuwa umeshasimama na mfumo wa kuongozea ulikuwa umefungwa wote, kuanzia fimbo za marubani hadi mkiani. Shida ilikuwa moja: fimbo zilikuwa ngumu, na kila wiki zilizidi ugumu.

Kila aliyepita pale gereji alikuwa na dawa yake. Fundi magari wa jirani alishauri oili ya kupenyeza. Mpwa wa Mzee, anayemsaidia kazi siku za Jumamosi, akaitia, fimbo zikalegea siku chache, zikarudi kulekule. Ilipoonekana kutu ikichuruzika kwenye braketi ya kati, wote wakakubaliana kwamba kutu ndiyo imekamata.

Mimi ni fundi wa matengenezo ya ndege ndogo, na kazi zangu nyingi ziko upande wa Terminal One, Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Niliitwa kuja kuangalia kutu hiyo. Naandika kwa ruhusa ya mwenye ndege, na kwa kirefu, kwa sababu kutu ilikuja nyuma ya kosa jingine lililoifungulia njia. Mlolongo ulioileta unaweza kumpata yeyote anayefunga vyuma vinavyodai usahihi kwenye jiji la pwani kama hili.

Mfumo wenyewe

Fimbo mbili, ya kushoto na ya kulia, zimesimama juu ya bomba moja la chuma linalolala kwa upana chini ya viti. Rubani akivuta au kusukuma, bomba linazunguka kwenye braketi tatu zilizofungwa kwa boliti kwenye fremu za sakafu: moja kila mwisho na moja katikati. Ndani ya kila braketi kuna bushi ya shaba, yaani pete ambamo bomba linazunguka. Mkono mfupi uliochomelewa kwenye bomba unasukuma rodi ndefu inayokwenda nyuma hadi kwenye elevata, kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua ya ndege. Fimbo zikilazwa upande, rodi nyingine zinapeleka nguvu mbawani hadi kwenye eleroni, vibao vinavyoilaza ndege kushoto au kulia. Kila rodi ina kichwa chenye beringi ya mviringo kila mwisho, ndugu wa vile vya tairodi za magari lakini vidogo na vya usahihi zaidi.

Bomba, mkono na braketi ni chuma cha 4130, kile wanachokiita cha kromu na molibdeni. Jina hili limewadanganya wengi. Mtu akisikia kromu anafikiria stenlesi, anaona hakishiki kutu. 4130 kina kromu ya karibu asilimia 1 tu, wakati stenlesi inahitaji angalau asilimia 10.5. Kromu hiyo kidogo inasaidia nguvu na ugumu wa chuma. Mbele ya hewa ya bahari, 4130 kinashika kutu kama chuma chochote cha Gerezani, mtaa wa wauza vyuma Dar.

Kuhusu ugumu wa fimbo, wapo wanaoona ni kero ndogo ambayo rubani ataizoea. Ndege nzuri ikivurugwa kidogo na upepo hurudi yenyewe kwenye mwendo wake, na rubani husikia mkononi, kupitia fimbo, kwamba mwendo umepungua au umezidi. Msuguano ukiwa mkubwa kuliko nguvu hiyo ya kurudi, fimbo hubaki palepale ilipoachwa. Kanuni za zamani za Marekani kwa ndege ndogo zilidai kwamba rubani akiiachia fimbo polepole baada ya kubadilisha mwendo, ndege irudi kwenye mwendo usiopishana kwa zaidi ya asilimia 10 na ule iliopangiwa. Ndege ya kujijengea haibanwi na kipengele hicho, lakini anga ni lile lile. Fimbo iliyokamata humnyang'anya rubani taarifa anayoihitaji zaidi anapokuwa karibu na ardhi, mwendo ukiwa mdogo.

Kutafuta panapokamata

Kabla ya kugusa spana tuliomba namba. Mzee alikuwa na mizani ya ndoano, zile za dijitali wanazopimia samaki, tukaifunga kwenye ncha ya fimbo ya kushoto na kuvuta taratibu. Mizani ilipita kilo moja na nusu kabla fimbo haijaanza kutembea. Mtu akisema "ngumu" au "imelegea" anaeleza hisia, na hisia za watu watatu ni tatu. Namba inarudi kesho ikiwa ile ile, na ndiyo itakayosema kama kazi imesaidia.

Hatua iliyofuata ni kugawanya mfumo. Tulichomoa boliti ya rodi ya elevata kwenye mkono wa bomba, tukapima tena: ugumu karibu ule ule. Tukachomoa rodi za eleroni: upande wa kulaza fimbo ukapata nafuu kidogo, upande wa kuvuta haukubadilika. Kwa hiyo mkia haukuwa na hatia, na mbawa zilikuwa na hatia ndogo ambayo nitaigusa baadaye. Kilichokamata kilikuwa bomba na braketi zake tatu.

Mpwa alikuwa ameshashika chupa ya oili. Mzee akamwambia, "Subiri, mjomba. Acha fundi amalize." Nikamwomba kijana alegeze boliti za braketi ya kati, nusu mzunguko tu kila moja, bila kuzitoa. Fimbo zote mbili zikaanguka mbele zenyewe, kwa uzito wake, zikagonga kwenye kizuizi. Akazikaza tena, zikakamata. Akalegeza, zikaanguka.

Kama kutu ndiyo ingekuwa imeshika, kulegeza boliti kusingebadilisha kitu, kwa sababu kutu ilikuwa ndani ya bushi na bushi haikuguswa. Kilichobadilika ni mahali bushi ilipokaa. Bomba lilikuwa linalazimishwa kupita kwenye matundu matatu ambayo hayakuwa kwenye mstari mmoja, na kila lilipozunguka lilikuwa linapindwa. Fundi seremala anaifahamu hali hii kwenye mlango wenye bawaba tatu: ya kati ikikaa nje ya mstari, mlango unakuwa mzito hata bawaba zikiwa mpya na zimejaa grisi.

Jinsi mstari ulivyopotea

Michoro ilikuwa sahihi na matundu ya fremu yalitobolewa vizuri. Tulihakiki kwa waya, kama nitakavyoeleza. Tatizo lilikuwa rangi, na ili kuielewa ilibidi Mzee asimulie kazi ilivyokwenda tangu sanduku lilipofunguliwa.

Vyuma vilikuja vitupu, vimepakwa filamu ya mafuta. Kitabu cha maelekezo kinataka mjenzi avifunge kwanza bila rangi, ahakikishe kila kitu kinatembea, kisha avifungue, avipake rangi na kuvifunga moja kwa moja. Mzee aliyafuta mafuta ili aanze kazi. Asubuhi yake akakuta vyuma vimeota wekundu. Tuko Kunduchi, bahari iko karibu, na pepo zetu zote mbili, kaskazi na kusi, hutoka majini. Unyevu wa hewa asubuhi nyingi Dar hupita asilimia 80, na chuma kitupu huanza kuliwa kwa kasi unyevu ukipita kama asilimia 60, mapema zaidi kikiwa na chumvi juu yake. Chumvi hiyo inaweza kuwa ya upepo au ya jasho la vidole. Kwenye bomba lile alama za vidole zilikuwa zimechorwa kwa kutu, ungeweza kuhesabu mistari.

Mtu aliyeishi na kutu baharini miaka yote hawezi kuilea nyumbani kwake. Aliyabeba yote, bomba, mikono na braketi, akayapeleka karakana moja mjini yakapigwa mchanga na kupakwa rangi ya unga ile inayookwa, mipako miwili. Yakarudi meupe, yanang'aa. Ndipo akaanza kuyafunga.

Hapo ndipo mpangilio wa kazi uligeuka kichwa chini. Nilipima mpako kwa maikromita, kwa kukwangua upande mmoja wa kitako cha braketi na kulinganisha: karibu mikroni 200, yaani sehemu mbili za kumi za milimita. Boliti hazikupita kwenye matundu kwa sababu ya rangi, kwa hiyo yalisafishwa kwa drili. Vitako vilionekana vimenyanyuka, kwa hiyo upande ulioleta shida ulikwanguliwa kwa kisu na upande mwingine ukaachwa. Kwa macho hakuna kinachoonekana. Lakini fanya hesabu. Kitako kina upana wa milimita 40. Upande mmoja ukiwa juu kwa milimita 0.2, braketi imeinama kwa uwiano wa 0.2 kwa 40. Fuata mwinamo huo hadi kwenye braketi ya mwisho wa pili, milimita 600 mbali, na mstari wa tundu umepotea kwa milimita 3. Bushi ya shaba iliyonyooka haina uwezo wa kuyumba kumfuata mwenzake. Ama bomba lipinde, ama fremu ivutwe, ama vyote viwili.

Kilichofuata ni rahisi kukisia. Bomba lililokuwa linabanwa lilisaga rangi pembezoni mwa bushi ya kati kila fimbo iliposukumwa, likafika kwenye chuma. Rangi ya unga ni ngumu juu, lakini haitengenezwi kwa ajili ya kusuguliwa na shaba iliyokazwa. Chuma kikawa wazi, hewa ya Kunduchi ikafanya kazi yake, na unga wa kutu ukawa msasa ndani ya bushi. Oili ya kupenyeza iliusafisha unga kwa siku chache na fimbo zikalegea, kisha usagaji ukatengeneza unga mwingine. Ndiyo maana dawa ilionekana inafanya kazi, na ndiyo maana haikudumu.

Chini ya vitako kulikuwa na jingine. Pale rangi ilipokwanguliwa, chuma kilikuwa kimegusana na aluminiamu ya fremu, na kando yake kulikuwa na unga mweupe laini. Wekundu ni chuma kinacholiwa, weupe ni aluminiamu. Metali mbili tofauti zikigusana na kukiwa na maji ya chumvi kati yake, zinakuwa betri, na katika ndoa hii aluminiamu ndiyo inayolipa. Kwangu unga mweupe ulikuwa wa kutisha kuliko kutu yote nyekundu, maana braketi inanunuliwa nyingine, fremu ni mwili wa ndege.

Malengelenge

Baada ya kuvua vyuma vyote niliona kitu ambacho hakikuelezeka kwa kusagwa. Sehemu ambazo hazikuguswa na chochote, mbali na bushi na vitako, rangi ilikuwa na malengelenge madogo kama vichwa vya pini. Nilipotoboa moja, chini yake kulikuwa na tone la maji na doa jeusi la kutu.

Malengelenge ya namna hiyo yanaashiria chumvi iliyofungiwa chini ya rangi. Rangi yoyote hupitisha unyevu kidogo kidogo, na chumvi huuvuta. Tulimuuliza Mzee mchanga wa kupigia ulikuwa wa aina gani. Mpwa aliyesimama pale siku ya kazi akasema ulitoka kwenye lori, mchanga mweupe wa pwani. Kwenye mchanga wa pwani kuna chumvi, na ukipigwa kwa mgandamizo wa hewa unaiingiza chumvi ndani ya vinyweleo vya chuma. Baadaye vyuma vilisuuzwa kwa maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda huu vina maji ya chumvi. Wakati vinaingia kwenye oveni vilikuwa vinang'aa, na vilikuwa tayari vimebeba ugonjwa wao.

Kipimo cha chumvi ni rahisi na kila mjenzi wa pwani angefaa kuwa nacho. Unaosha eneo dogo kwa maji ya betri, yaani maji yaliyokenekwa na wala siyo asidi, unayakusanya kwenye chupa safi ya kioo, unadondosha matone ya myeyusho wa nitreti ya fedha. Maji yakibaki maangavu kama yalivyo, salama. Yakigeuka ukungu kama maziwa, kuna kloridi. Ya kwetu yaligeuka maziwa mara moja. Nitreti ya fedha inaunguza ngozi na kuacha madoa meusi, hivyo vaa glavu.

Naongeza neno juu ya huo mchanga, kwa ajili ya vijana wanaofanya kazi hiyo. Mchanga wa kawaida ukipigwa hutoa vumbi la silika linaloharibu mapafu bila kurudi nyuma. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi hilo.

Makosa madogo yaliyokuwa yamejificha

Rodi ya eleroni ya kulia ilikuwa imefungwa nati zake za kufungia huku vichwa viwili havijalala sawa, kimoja kimegeuzwa kidogo. Fimbo ikiwa katikati hakuna shida. Ikilazwa mwisho kabisa, kichwa kilikuwa kinagonga pembe ya uma wake. Namna ya kukagua ni kushika rodi kwa vidole viwili na kuizungusha. Inatakiwa iyumbe nyuzi chache kwenda na kurudi, fimbo ikiwa kila mahali: katikati, mwisho wa kushoto, mwisho wa kulia. Isipoyumba, legeza nati, linganisha vichwa, shikilia vyote viwili na spana, kisha kaza. Pia hakikisha hesi imeingia ya kutosha ndani ya rodi. Kama kuna tundu la ukaguzi, waya mwembamba usipite.

Boliti nne za asili zilikuwa zimepotea na badala yake zilifungwa za stenlesi kutoka duka la Kariakoo, kwa nia njema kabisa, kwa kuwa stenlesi haishiki kutu. Boliti ya AN, kiwango cha Marekani cha boliti za ndege, ina nguvu ya kuvutika isiyopungua pauni 125,000 kwa inchi mraba, na kichwani ina alama ya msalaba au nyota inayoitambulisha. Imepakwa kadimiamu kwa sababu kadimiamu na aluminiamu ziko karibu kwa tabia ya umeme na hazilani sana. Stenlesi ya dukani kwa kawaida ni dhaifu kuliko hiyo, na ikikaa ndani ya aluminiamu penye chumvi, inaharakisha aluminiamu kuliwa. Zilitoka zote.

Mwisho, kwenye kiungo kimoja kinachozunguka kulikuwa na nati ya kujifunga yenyewe. Kiungo ambacho boliti inaweza kuzungushwa hudai nati ya ngome, yenye mifereji kichwani, na kotapini inayopita humo.

Kazi upya

Bomba lilikuwa na vishimo karibu na bushi ya kati. Ukuta wake ni milimita 0.9 tu, na kishimo kirefu kilifika karibu 0.2, zaidi ya sehemu ya tano ya unene. Mzee alitaka kulijaza kwa kuchomelea na kulikereza. Nilikataa, na bado nakataa: bomba hilo ndilo linalobeba mkono wa rubani, na joto la kuchomelea lingelipinda tena. Liliagizwa jipya. Braketi na mikono ilivuliwa rangi kwa kemikali, ikaoshwa na kusuguliwa kwa maji ya moto ya betri mara kwa mara hadi nitreti ya fedha ikakataa kubadilika.

Sasa ikabaki swali ambalo ndilo kiini cha kisa hiki. Kitabu kinasema funga kwanza, paka baadaye. Chuma kitupu cha Kunduchi hakisubiri asubuhi. Mzee aliona njia moja tu, kupaka kwanza, na ndiyo iliyomharibia. Njia tuliyoitumia ni kutenganisha kinga ya muda na kinga ya kudumu.

Kila kipande kilipakwa mafuta mepesi ya kuzuia kutu, filamu nyembamba isiyobadilisha vipimo, kikashikwa kwa glavu za nailoni na kufungwa hivyo hivyo kikiwa na mafuta. Jioni, chochote kisichokuwa kimefungwa kiliingia kwenye sanduku la mbao lenye balbu ndogo ya joto chini na vifuko vya jeli ya silika. Balbu inapandisha joto la hewa ya ndani nyuzi chache juu ya la nje, na hiyo inatosha kuuzuia umande. Umeme ukikatika, jeli inabeba usiku mmoja. Kwa namna hiyo Mzee alipata wiki nzima nzima za kupanga mstari bila kukimbizana na kutu.

Kupanga mstari kwenyewe kulihitaji vifaa vya bei ndogo. Tulipitisha waya wa gitaa, ule mwembamba kabisa, katikati ya bushi mbili za mwisho na kuukaza kwa uzito uliofungwa ncha moja ukining'inia kwenye kapi. Waya wa gitaa ni chuma chenye nguvu nyingi kwa wembamba wake, na kwa umbali wa milimita 600 kulegea kwake katikati hakuonekani. Braketi ya kati ikaletwa hadi waya ukapita katikati ya bushi yake, ukipimwa pande nne. Waya unakuambia matundu yako mahali pake, lakini haukuambii kama yameinama. Kwa hiyo baada ya waya tuliingiza nondo iliyokerezwa na kusagwa, nyembamba kuliko bushi kwa mikroni chache, na kuisukuma kwa mkono. Ilipokataa, tulisoma kwa fila geji, vibati vyembamba vya kupimia uwazi, upande gani wa kitako una nafasi na kuweka shimu, kibati cha kuziba uwazi, ya aluminiamu ya milimita 0.1. Boliti za AN3 zilikazwa kwa zamu, za pembe kwa pembe, hadi inchi-pauni 20 hadi 25, na kila baada ya kukaza moja nondo ilisukumwa. Ukikaza zote ndipo ujaribu, hutajua ni ipi iliyovuta.

Nondo ilipokuwa inapita yote kwa kidole kimoja, boliti zikiwa zimekazwa kamili, tuliingiza bomba jipya. Fimbo zikaanguka.

Ndipo kila kitu kikafunguliwa. Vipande vilikuwa vimegongwa alama za herufi kwa chuma cha kuandikia, pamoja na shimu zake, kwa sababu alama ya kalamu ingefutika na asetoni. Rangi ya mara hii ilikuwa praima ya epoksi, tabaka moja la karibu mikroni 25 kwenye vitako, sawa pande zote, bila rangi ya juu. Rangi nene haifai chini ya boliti hata ikiwa sawa pande zote, maana inafinyika taratibu na kuipunguzia boliti mkazo wake. Sehemu zisizogusana na kitu zilipata rangi kamili. Ndani ya bushi hakuna rangi, grisi tu. Boliti zilirudishwa zikiwa zimepakwa praima mbichi shingoni ili maji yasipate njia kati ya boliti na aluminiamu.

Saa ya kupaka nayo ina hesabu. Kanuni ya wapakaji rangi wa viwandani ni kwamba chuma kiwe angalau nyuzi 3 juu ya joto ambalo hewa huanza kuacha umande. Alfajiri yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 92, umande huanza kwenye nyuzi 23.6 hivi, tofauti haifiki nyuzi 2: usipake. Mchana wenye nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 65, umande uko kwenye 23.6 vilevile na tofauti ni zaidi ya nyuzi 7. Watu wengi hapa hupaka asubuhi kwa sababu jua halijawa kali. Kwa praima ya chuma, saa sita mchana kivulini ni bora, mradi uchanganye kidogo kidogo kwa kuwa joto hufupisha maisha ya mchanganyiko kwenye kopo.

Ndani ya bomba, mahali brashi haifiki, tulimimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale maseremala wanayoyaita linsidi, tukalizungusha bomba kila upande, tukalisimamisha lichuruzike, kisha tukaziba ncha. Ni njia ya tangu enzi za ndege za mabomba ya chuma, na inafaa bado. Matambara yenye mafuta hayo yasikunjwe na kutupwa pembeni. Yanapokauka hutoa joto lenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti, tena kwenye gereji yenye asetoni. Yatandaze nje yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Baada ya masika

Mizani ya ndoano, rodi zote zikiwa zimeunganishwa, sasa inasoma gramu mia na kitu. Baada ya mvua za masika tulifungua sakafu na kukagua. Bushi zilikuwa safi na hakukuwa na unga mweupe popote. Kutu ndogo ilionekana sehemu mbili: kwenye kingo za tundu la kotapini, ambako praima ilikuwa imekwaruzwa wakati wa kupitisha pini, na chini ya kifuko cha ngozi kinachofunika shina la fimbo ya kulia. Kifuko hicho kilikuwa kinashika jasho na unyevu bila kupumua. Mzee alikiondoa na kushona kingine cha turubai jepesi chenye matundu, na kotapini sasa zinapakwa grisi kabla ya kuingia.

Picha za kila hatua, vipimo vya mizani na alama za shimu vimeingia kwenye daftari la ujenzi, litakalowekwa mbele ya wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndege itakapofika hatua hiyo. Kwa sasa Mzee yuko kwenye mikono miwili ya elevata, ya kushoto na ya kulia, ambayo ni lazima ilale sawa kabla ya kutobolewa tundu la pamoja. Iko ndani ya sanduku la balbu, imepakwa mafuta, haijapakwa rangi.